Fomu Tatu

Leo kalamu nashika,
umeme umekatika,
koroboi yamulika,
sikia basi, Ilari.

Duka nimeshalifunga,
fomu zako nimepanga
kando ya kopo la unga,
zote tatu kwa mstari.

Kazi yangu ndiyo hii:
hujaza, na sikawii,
leseni za utalii
na pasi za wasafiri.

Lakini yangu mwenyewe,
mkono mzito, jiwe.
Niandike nini, wewe?
Nafuta na kuhariri.

Ulikuja na waraka,
nakala tatu kutaka,
wino ukanikauka,
ukangoja kwa saburi.

Mashine za hospitali
ulizifuata mbali;
ya kwangu, bila ya mali,
ukaiponya, hodari.

Ya kwanza, ya matembezi,
hutoka ndani ya mwezi,
wasema haina kazi,
nije kuona uzuri.

Nikifika, tuoane,
na tikiti tuichane,
askari wasituone.
Ilari, hiyo kamari!

Nyevu kanaswa njiani,
shela jeupe begini;
wakauliza: la nani?
Akarudi alfajiri.

Pasi yake ina doa,
hakuna wa kulitoa,
bado aingoja ndoa,
na umri ni umri.

Ya pili ni ya mchumba.
Umenionyesha nyumba,
theluji imeifumba,
Tampere, mji wa shwari.

Ndoa ifungiwe huko,
mashahidi dada yako
na mwenzako, yule Veiko,
dakika kumi, tayari.

Na mama akae wapi?
Kwenye simu, picha fupi?
Bando ikikata, vipi?
Harusi haisubiri.

Doti saba sandukuni
mama kaweka zamani,
akatia na rehani,
za kuniaga kwa heri.

Baba naye ana lake:
ataka kadzama yake,
wazee waizunguke,
ndipo itajwe mahari.

Juzi akaniuliza:
"Mbona picha wazijaza?"
Nikasema: "Waagiza
ushahidi wa dhahiri.

Ni lini tulikutana,
simu ngapi kwa mchana,
wakwe wajuana jina?
Huchunguza kwa hadhari."

Alicheka, kakohoa:
"Kumbe nao ni wa ndoa!
Mimi mtoto natoa,
wao watoa muhuri."

Sasa nataja ya tatu,
ya mke, ndoa ni kwetu,
kwa msajili, na watu,
tupike, tule vizuri.

Hiyo ina ngoja-ngoja,
mwaka, huenda si mmoja,
cheti, barua, na hoja,
kila kitu na tafsiri.

Mume huko, mke hapa,
umbeya watauchapa:
"Mzungu keshamtupa
na pete ya msumari!"

Nitasikia bombani,
ndoo ikiwa kichwani,
nitapita, sigombani,
sina haja ya jeuri.

Aliyengojea wino
saa mbili, bila neno,
mwaka si mkubwa mno
kwake, naweka nadhiri.

Nimezipima kwa kina:
ya mkato, naiona,
hurefuka tena sana
katikati ya safari.

Sitaki nyumba ya woga,
kwa hodi jasho naoga,
hata nikitaka mboga
nikwepe kila askari.

Nataka nifike wima,
dirishani nikisema:
"Mume wangu yuko nyuma
ya kioo," kwa fahari.

Njoo wewe, tuonane,
mwezi Agosti, wa nane,
na hati, baba aone
huna mke wala siri.

Leta buti za theluji,
nizoee, japo siji;
nitateka nazo maji,
Muyeye iwe habari.

Umeme huo, warudi,
feni yaanza juhudi.
Fomu mbili sina budi
kuzifungia sukari.

Ya tatu ninaijaza,
jina ndilo la kuanza:
"Mbeyu". Kisha ninawaza.
Hali ya ndoa: "Subiri".