Kumwitikia Kondo

Wanatuita saa kumi na moja alfajiri
chini ya daraja la juu la Tazara,
jua likiwa bado halijaja kudai chake.
Karani ana daftari la kwaya tatu
na kalamu nyekundu, kaifunga kwa uzi shingoni
kama mbuzi asije akapotea.

Ukiitwa, sema: Nipo.
Siyo naam, siyo abee. Hayo ni ya nyumbani.
Nipo moja, lita tano,
maji ya kijivu yenye ladha ya bomba.
Ukinyamaza mara tatu, kalamu inapita juu yako,
na aliyepitiwa na wino mwekundu
haulizwi tena, hata arudi akihema.

Mimi huitika mara mbili.
Kwanza kwa sauti yangu: Mwanvita Pazi, nipo.
Kisha navaa shati la mdogo wangu gizani,
nashusha sauti mpaka ifike tumboni:
Kondo Pazi.
Nipo.

Kondo tulimzika Mburahati, usiku,
ndani ya pazia la sebuleni, lile la maua ya zambarau.
Alikunywa maji ya Msimbazi. Alijua.
Alisema kiu haijui kusoma kibao.
Hatukulia. Machozi nayo ni maji,
na ukuta wa jirani una masikio.
Mama akasema: mtu hafi mpaka daftari likubali.

Basi akaendelea kuishi, lita tano kwa siku.
Tulimnywa. Sina neno jingine.
Tulisonga ugali kwa Kondo, tukanawa uso kwa Kondo;
Saumu alipochemka homa
tukamkanda kwa Kondo usiku kucha, akapoa.

Ng'ambo ya Salenda, wanasema, bustani zinamwagiliwa.
Sijaona. Nimeona malori tu
yakipita Barabara ya Mandela na mabomba yanayovuja,
na watoto nyuma yake, magoti juu ya lami,
kila mmoja na sponji lake.

Jana karani aliita, "Kondo Pazi!"
Nilikuwa nahangaika na kifungo cha shati
niliposikia, mistari mitatu nyuma:
"Nipo!"

Sauti ya kiume, iliyovunjika juzi tu.
Na mimi, kwa kufumba na kufumbua,
niliamini.
Niligeuka kama mtu aliyesikia harufu ya maandazi.

Kijana mwembamba. Kiatu cha kushoto si ndugu wa cha kulia.
Jina lake, bila shaka, lilishapitiwa wino mahali,
Vingunguti labda, au Kiwalani,
akabaki kuzurura na mwili usio na jina,
mimi nikihangaika na jina lisilo na mwili.

Karani akainua uso.
Alicheza chandimu na Kondo, huyu;
miezi yote hii ananisikia, anaandika, ananyamaza.
Akanitazama. Akamtazama yule.
Kalamu ikaning'inia.

Neno moja tu lingetosha: mwizi.
Hapa kwetu neno hilo halidaiwi ushahidi.
Midomo ilishafumba kuitamka ile M,
na M ikatoka, lakini ikatoka na mengine:
"Mdogo wangu huyo. Ana mafua,
ndiyo maana sauti imebadilika."

Tulitembea bila kusema mpaka Buguruni Sheli.
Pale akafungua dumu lake, hakuna aliyemwomba,
akanimiminia nusu. Mkono ulimtetemeka.
Matone matatu yakaanguka,
tukasimama wote wawili kuangalia lami ikiyanywa.

Nikamuuliza jina. Lile la mwanzo.
Akatazama nyuma, akaninong'oneza.
Sitaliandika hapa.
Madaftari yana tabia ya kusomana.

Nyumbani mama alipima dumu kwa macho:
"Mbona Kondo leo ni nusu?"
Nikamwambia amekua, mama.
Ameanza kugawa.