Thamani Iliyotajwa

Lilikuwa sanduku la kilo kumi na moja,
si barua ya kuteleza nyuma ya kabati.
Ndani yake kodiani ya baba yangu, Wacław,
vifungo mia na ishirini upande wa kushoto,
na kimoja, cha tatu kutoka juu, kimelika
mahali kidole chake kilipokuwa kikirudi
kila Jumamosi, kama ng'ombe zizini.

Mvukuto ulikuwa umetoboka.
Bwana Eugeniusz wa Przemyśl, waliniambia,
huushona kama mtu ashonaye jeraha la mwanawe.
Nami niko Suwałki, kona nyingine ya nchi,
miaka sabini na moja, goti moja tu la kutegemewa.
Basi nikaipeleka posta.

Fomu ikauliza: thamani iliyotajwa.
Nikashika kalamu, nikawaza wezi.
Nikiandika ukweli, nikasema moyoni,
nitakuwa nimewaonyesha njia.
Tena ada hupanda kadiri namba inavyopanda,
na pensheni yangu haina ngazi.
Nikaandika: chombo kikuukuu, zloti mia mbili.
Wiesława wa dirishani akagonga muhuri
bila kuinua macho.

Siku ya kwanza: mzigo umepokelewa.
Siku ya pili: umeondoka.
Siku ya tatu: uko njiani.
Ya nne uko njiani, ya tisa uko njiani,
wiki ya sita, theluji imefika madirishani,
uko njiani.
Njia gani hiyo, jamani, isiyo na kituo?
Nchi hii mtu huivuka kwa treni
kabla supu ya jana haijachacha.

Na mtu asiniambie hawakuiona.
Kodiani ikiinuliwa hupumua.
Ukiilaza ubavu hutoa pumzi ndefu
kama mzee anayeketi.
Kila aliyeibeba aliisikia:
yule wa Białystok, yule wa ghala la Lublin,
na yule wa mwisho, nisiyemjua,
aliyeisikia ikiguna mikononi mwake,
akasimama, akatazama nyuma.

Nilirudi dirishani mara tano.
Wiesława akafungua daftari, akafungua kompyuta,
mwishowe akafungua mikono.
"Bi Bogumiła, hapa pameandikwa mia mbili."
Nikamwambia baba aliipiga kwenye arusi mia nne na ushei.
Nikamwambia mume wangu alinichumbia
kwa sababu nilikuwa nikicheza, si kwa sababu ya uso,
na nilikuwa nikicheza kwa sababu ya ile.
Akasikiliza. Kusikiliza, alisikiliza.
Kisha kidole chake kikarudi kwenye namba:
mwandiko wangu, wino wangu.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Yangu ilikuwa na daftari,
na daftari ndilo lililoimaliza.
Niliificha wezi wasiione,
nikaificha na haki pia.

Fidia haikupotea.
Fidia ilifika Alhamisi, saa nne kasorobo asubuhi,
na tarishi Zdzisław, theluji juu ya kofia,
noti mbili za mia, mpya, hazijawahi kukunjwa.
Nikatia sahihi.
Nikamuuliza kama gari lake huwa linapumua.
Akasema ni breki.

Wiki iliyofuata nikapeleka kifurushi
kwa mjukuu wangu Jagoda, Szczecin.
Wiesława akaisoma fomu, akainua macho.
"Zloti elfu tisa? Humu mna nini?"
"Jamu ya plamu."
"Jamu."
"Ya plamu. Chupa mbili."
Nyuma yangu foleni ikakohoa.
Nikalipa ada kwa noti zilezile,
na chenji nikanunua stempu.

Kilifika kesho yake, kabla ya adhuhuri.
Hata kifuniko hakikulegea.