Ankara ya Paa la Bi Mirtha

Baba huniita jioni, vidole vimekufa ganzi.
"Andika," husema, nami naandika:
mabati kumi na manane, misumari kilo nne,
mbao mbili mpya upande wa baharini.
Hapa Punta Arenas upepo hauna adabu,
huingia bila hodi, hutoka na paa.

Bi Mirtha Kusanovic ameshapiga simu mara mbili.
Siku moja na nusu, anasema, siku moja na nusu tu!
Bei ya msumari anaijua,
marehemu mumewe alikuwa na duka la vyuma.
Ananiuliza mimi, mshika kalamu,
hizo nyingine zote ni za nini.

Baba anavua buti. Hana haraka.
"Andika mafuta ya gari."
Naandika.
"Andika ngazi, ile iliyoibwa Agosti."
Baba, ngazi haikuibwa kwake.
"Iliibwa kwangu. Na kwake nilipanda kwa nini, mabawa?"
Sijui niitie safu gani.

Zipo siku tatu za Juni alizokaa dirishani
akiitazama bendera ya kituo cha zimamoto
imenyooka kama ubao, hailegei,
wala hakuna aliyemlipa kwa kutopanda.
Lipo goti la kushoto.
Yupo Ulises Oyarzo, aliyejifunzia kazi kwetu,
akaenda kutoza nusu ya bei zetu,
mtaa mzima ukamsifu
hadi asubuhi aliyopanda bila kamba,
maana kamba nayo ni gharama.
Jina hilo Baba halitamki mbele ya mteja.
Ningekuwa mimi, ningelitamka.

Na chini kabisa, kabla ya jumla,
kuna asilimia sita aziitazo "mengineyo."
Nikamuuliza. Akakuna shingo.
"Hizo ni za mwalimu Ampuero."
Mwalimu Ampuero, ambaye tulimwezekea mwaka juzi
na hadi leo hutulipa salamu.
Kwa hiyo Bi Mirtha anamlipia mwalimu?
"Na mwingine alimlipia Bi Mirtha,
mwaka ule mumewe alipokuwa hospitali.
Hilo usiliandike."

Saa nane usiku upepo ukaamka.
Nikamsikia chumbani, kitako kitandani,
akizitaja nyumba moja moja kwa sauti ya chini,
kama mtu anayehesabu watoto baada ya safari.
Simu haikulia.
Kwa saa hizo hakuna safu.

Asubuhi nikapeleka ankara jinsi ilivyo.
Bi Mirtha akatafuta miwani, akasoma, akarudia,
akainua macho. Si kwa Mungu, kwenye dari.
Kavu.
Akaomba nimpunguzie elfu kumi.
Nikampunguzia nne,
kwenye ngazi.