Sura ya Tatu

Bahasha ya Dokta Sekela ilishuka na basi la saa nne
ikinuka dagaa wa Kyela waliosafiri nayo.
"Naandika kitabu juu ya kutazama na kutazamwa.
Nipigie picha moja, ya sura ya tatu."

Mimi ni mtu wa pasipoti, stendi ya Tukuyu.
Sura ndiyo kazi yangu. Nimezijaza kwenye makasha ya viatu:
masikio yote mawili wazi,
kidevu juu kidogo, mama, hapohapo, usipumue.
Ya kwanza naijua, ni ile mtu anayoingia nayo mlangoni.
Ya pili naijua, ni ile anayoivaa akiketi kwenye stuli.
Ya tatu
sijapata kumwona mtu nayo.

Nikaitafuta wiki nzima, bati likipigwa na mvua,
umeme ukienda na kurudi kama mdaiwa.
Nikawaza: sisi picha tunaipiga.
Tunaipiga kama pasi, kama kura, kama mluzi,
kama mtoto aliyemwaga maziwa.
Na hakuna anayerudi kuuliza
aliyepigwa aliumia wapi.

Jumanne akaingia Bibi Atupakisye, katoka Kiwira,
anataka picha mbili za kujiandikishia mbolea.
Alivua mabuti kizingitini
kana kwamba kamera ingemtazama miguu.
"Nicheke? Au serikali haitaki meno?"
Haitaki, nikamwambia.
Akaufunga uso
kama mwenye duka aliyeletewa habari ya msiba.

Mashine ikagoma. Tukangoja umeme.
Ndani ya bahasha ile kulikuwa na karatasi nyingine,
nakala ya picha ya zamani, ya wakati wa Mjerumani:
mwanamke, mgomba, kikapu,
na chini yake wino mdogo: *Mwanamke wa Konde.*
Jina hakuna. Kijiji hakuna.
Nikampa Bibi aitazame, ili tu muda upite.

Aliisogeza dirishani. Akairudisha karibu na pua.
Nilidhani atasema ni mama yake, au shangazi.
Akasema: "Huyu aliacha kitu motoni.
Tazama shingo.
Wamemwambia atazame huku, macho yakatii.
Shingo ikakataa.
Kuna moshi hapo pembeni, ninyi hamkuupiga."

Nimeshika kamera miaka kumi na saba.
Sikuwahi kupiga moshi wa pembeni.

Alilipa kwa noti zilizokunjwa mara nne,
akasema ndaga, akavaa mabuti, akaenda zake.
Nikageuka kuzima taa
nikakiona kitambaa cha bluu.

Pale vichwa vinapoegemea pana doa,
rangi ya chai ya maziwa, lina mzunguko wa fuvu:
mafuta ya nywele, jasho, mvua ya Rungwe,
watahiniwa wa kidato cha nne, bwana harusi mmoja mlevi,
Gwakisa, ambaye picha yake ya leseni
tuliikuza mpaka ikavunjikavunjika
ndipo ikatangulia mbele ya jeneza.
Wote wameacha kidogo. Hakuna aliyeombwa.
Mke wangu huniambia kila Krismasi: fua hicho kitambaa.

Nilikipiga bila mtu. Stuli tupu, doa, msumari.
Nikaituma.

Dokta akapiga simu kutoka Mbeya.
"Ndugu yangu, mtu yuko wapi?
Sura ya tatu ni ya kitabu! Baada ya ya pili!"
Akacheka kama jina lake linavyomtaka,
nami nikacheka, kwa aibu, masikio yote mawili wazi.
Kisha akanyamaza. Nilisikia karatasi ikigeuzwa,
ikageuzwa tena.
"Hili doa," akasema, taratibu sasa,
"chini yake niandike nini?"

Jibu nilikuwa nalo.
Lakini nyuma ya pazia chai ilikuwa inafurika jikoni,
na shingo yangu
ilikwisha kugeuka.