Barabara ya Kumi na Tano, Saa Nane Mchana

Nimerudi na begi moja na likizo ya siku tisa.
Jua la Desemba ni lile lile, halijastaafu,
limekaa juu ya mabati ya Ngamiani kama mwenye nyumba
aliyekuja kudai kodi na kukataa chai.

Kwa Mama Semkiwa friji bado ipo,
ile nyeupe, yenye kutu miguuni, iliyofungwa kamba ya katani
kwa sababu mlango wake, tangu niko darasa la tatu,
haujawahi kukubali kufumba kinywa.
"Ukwaju au ubuyu?" anauliza bila kuniangalia.
Ukwaju. Siku zote ukwaju.
Zamani hamsini. Sasa mia mbili,
na mfuko umekonda.

Barafu ya mfuko haikimbiliwi.
Igonge kwanza gotini, ipasukie ndani,
kisha ng'ata pembe moja, kidogo,
kama panya mwenye adabu,
unyonye mpaka meno yalalamike.
Mbwana aling'ata pembe mbili kwa mpigo.
Kila likizo shati lake lilikuwa ramani
ya nchi ambayo haipo.

Tulikuwa na baiskeli moja, ya babu yake,
ndefu kutushinda. Tuliiendesha kwa kupenyeza mguu
katikati ya fremu, mwili upande,
kama watu wanaochungulia dirishani huku wakikimbia.
Hivyo hivyo mpaka Raskazone,
machungwa ya Muheza yakigongana kwenye kapu la mbele,
mnyororo ukitoka kila baada ya nguzo nne.
Tulioga mpaka vidole vikazeeka.
Tukakaushwa na upepo, tukakubaliana uongo,
tukarudi.

"Hatukwenda baharini, mama."
Mama hakubishana na mtu.
Alichukua mkono wangu, akaukwaruza kwa ukucha mmoja:
mstari mweupe, wa chumvi, kutoka kiwiko hadi kifundo.
"Na hii imetoka msikitini?"

Mbwana yuko Maskati. Anafunga viyoyozi,
anawapelekea watu baridi, yeye anabaki na jua.
Nimemrekodia: krach. Mlio tu wa barafu
ikivunjika kati ya meno yangu, sekunde mbili.
Amesikiliza. Hajajibu.
Baadaye amesikiliza tena, akatuma:
"Pembe ngapi?"

Mpira wa soksi ukabingirika hadi miguuni pangu.
Watoto sita, chupa ya plastiki nusu ya mchanga,
rede imesimama kunisubiri.
"Shikamoo," akasema mmoja, msichana, jino la mbele hana.
Nikageuka nyuma kuona nani anaamkiwa.
Ukuta.
"Marahaba," nikasema, na sauti iliyotoka
ilikuwa ya shangazi yangu Mwanatumu, kabisa.

Nikarusha mpira. Vibaya.
Wakacheka kwa heshima, jambo lililouma zaidi.
"Dada, wewe unajua kuingia kati?"
Najua! Nilikuwa najaza chupa kabla mama zenu hawajaolewa,
nilitaka kusema. Nikavua viatu.

Lami ilichoma. Nikakwepa wa kwanza. Wa pili nikaruka,
sketi ya ofisini ikalia mahali fulani nyuma.
Gumi tatu za mchanga nilitia kwenye chupa,
gumi tatu nzima,
kabla ya mpira kunipata mgongoni, paa,
na yule asiye na jino kutangaza mtaa mzima
kwamba dada amekufa.

Mama alikuwa barazani anachambua mchele.
Macho yake siku hizi yanamdanganya, lakini ukucha hapana.
Akachukua mkono wangu, akakwaruza.
Mstari ukatokea. Akaulamba ukucha.
"Vumbi," akasema, kama aliyepunjwa.
"Hukwenda Raskazone?"
"Sikwenda, mama."
Akapepeta ungo mara mbili, pumba zikaruka.
"Nenda basi. Baiskeli ya jirani ipo hapo.
Siku zenyewe tisa."