Shayiri ya Mbuzi

Nimeinunua Nizwa, Ijumaa, nyuma ya mnada wa mbuzi,
kilo mbili, baisa mia nne.
Muuzaji akauliza, una mbuzi wangapi?
Wawili, nikasema. Mungu anisamehe, ni watoto.

Usiku nikailoweka kwenye ndoo mpya ya kudekia.
Asubuhi nikaitandaza juu ya paa, kivulini mwa tangi,
maana jua la Birkat al-Mauz halioteshi, linakaanga.

Nikampigia mama, Kibosho.
Mama, nimepata shayiri.
Laini ikakwaruza, akasikia shairi.
"Shairi halitoi povu, mwanangu. Tafuta ulezi."

Siku ya tatu punje zikatoa mkia,
mweupe, mfupi kama ukucha wa kichanga.
Hapa ndipo watu wanapokosea:
wanafurahi, wanaiacha iote.
Punje imejiwekea akiba ya kulea jani;
ukichelewa itaila yote,
utabaki na nyasi.
Unaiamsha, kisha unaizuia.
Ndicho kimea: funguo mkononi,
mlango bado.
(Pasipoti yangu iko droo ya chini, chumbani kwa baba mwenye nyumba.
Lakini nilikuwa naeleza kimea.)

Kwetu kingekauka siku nne darini, juu ya moshi.
Hapa, saa tano.
Nikakisaga kwa kinu cha kahawa, kikanuka iliki.

Uji ulikuwa mzito, mwiko unasimama wima.
Nikaungoja mpaka kidole kihesabu kumi bila kulalamika
(ukikitia motoni unakiua, na maiti haifanyi kazi),
nikatia vijiko vitatu, nikakoroga.
Hunishangaza kila mara.
Sukari hujatia, maji hujaongeza,
uji unalegea wenyewe
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani,
na unakuwa mtamu.

Bi Shinuna akapanda ngazi kwa magoti yake mabovu.
Alizaliwa Wete; Kiswahili chake kimepigwa pasi.
"Wapika pombe juu ya kichwa changu?"
Togwa, bibi. Leo ni togwa.
"Na kesho?"
Kesho itakuwa inafikiria.
"Na keshokutwa?"
Sikujibu.
Akanusa. Akanywa kwa kile kikombe kidogo kisicho na mkono.
Akanywa cha pili.
Akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio,
akauliza imebaki kiasi gani.
Nusu ndoo.
"Basi waite wasichana wa jirani. Iishe kabla ya Isha."

Wakaja wanne, kwa ngazi ya nyuma, viatu mkononi.
Tsehay, Mhabeshi wa nyumba ya geti la bluu, hakunywa kwanza.
Aliingiza kichwa chote ndani ya ndoo,
akavuta pumzi,
akasema neno moja la kwao.
Sikuuliza maana.
Nikamjazia ngumi yake punje zilizobaki, zenye mkia,
akaondoka ameikunja.