Sakafu ya Nne

Nyumba ya Bu Ngatinah naijua kwa magoti yangu.
Mara ya kwanza, mwaka aliozaliwa Sekar,
nilimwaga kifusi kimo cha shibiri,
nikapiga saruji, nikalipwa, nikala wali.
Mara ya pili, kimo cha goti.
Mara ya tatu dirisha likawa benchi
na mlango ukatufundisha adabu:
kila aingiaye huinama,
hata afisa wa kodi.

Mimi Wagiman, fundi wa kuinua sakafu,
Semarang ya kaskazini, nyuma ya kiwanda cha barafu.
Sikufichi: maji ndiyo yaliyonisomeshea watoto.
Bamvua likija, simu yangu huita.
Bahari inapanda, ardhi inatitia,
nami katikati, na toroli langu,
nauza sentimita.

Safari hii nikaja na kamba na pimamaji.
Dari ilikuwa karibu, naweza kuhesabu misumari.
Nikasema, "Bu, tukimwaga sakafu ya nne
mtaingia kwa kutambaa."
Akacheka cheko la mtu aliyekwisha kulia.
"Wagiman, sikukuita uongeze.
Nimekuita uvunje."

Nivunje nini? Ua.
Ua ule niliousugua mwenyewe
ukang'aa kama sahani ya harusi.
"Bahari inatujia kwa mbele," akasema,
"mvua inakwama kwa nyuma, haina pa kunywewa.
Na viwanda vinafyonza maji ya chini
mpaka ardhi imebonyea kama shavu la kibogoyo.
Anza pale, penye bomba."

Nyundo ya kwanza niliipiga kwa uchungu.
Ya pili kwa hasira.
Kufikia ya kumi sikujua tena napiga kwa nini.
Chini ya saruji, kifusi.
Chini ya kifusi, vigae vyekundu
alivyovichagua marehemu mumewe.
Chini ya vigae, udongo,
mweusi, unanuka kama chumba
kilichofungwa miaka.
Sekar akachota kiganja, akakiweka puani.
"Kumbe ulikuwapo," akauambia.

Mtaa ulicheka. Pak Suroto alicheka kuliko wote.
Ikaja mvua ya Desemba, siku tatu usiku na mchana:
kwa Suroto maji yalisimama, yakapanda vifundo,
kwa Bu Ngatinah yalishuka taratibu
kati ya mizizi ya mlimau na kangkung,
kama mgeni aliyeonyeshwa pa kukaa.
Jioni ya nne Suroto akanikuta kichochoroni.
Hakunitazama usoni.
"Jumanne," akauliza, "una nafasi?"

Upande wa bahari kazi ni nyingine.
Kule makaburini, baba yangu yupo
chini ya maji ya kiuno; namsomea dua
nikiwa nimesimama juu ya ubao.
Hapo ndipo walipopanda mikoko.
Miche elfu moja na mia mbili: wimbi likaichukua
kwa wiki mbili tu, nadhifu, kama mtu afutaye ubao.
Wakajenga uzio wa mianzi, wakaushindilia matawi,
tope likaanza kukaa.
Wakapanda tena. Nami nilipanda,
mtu mzima, matako juu, watoto wakinipiga picha.

Sisemi tumeshinda.
Jana maji yalifika jikoni.
Viwanda bado vinafyonza; barua yetu
iko mezani kwa mtu fulani, mjini,
imewekewa kikombe cha chai juu yake.
Wapo walionipigia simu wiki hii
wakitaka sentimita,
na nimewauzia. Ninyi mngewaambia nini?

Lakini asubuhi Sekar aliniita nje ya uzio.
Tope lilikuwa limetufika mapajani.
Akainamisha kitawi,
akanionyesha kitu cha manjano,
kidogo, hakizidi ukucha.
Ndio kwanza mkoko unaalika maua.
Nikasimama hapo kwa muda,
kisha nikamwomba anivute mguu,
maana ardhi ilikuwa imenishika.